Kona Isiyo na Mchwa

Mtu asinifundishe udongo. Nimechimba visima viwili kule Kalamba kwa jembe na sururu, na nimelima miaka arobaini na mitatu. Kwa hivyo yule msichana Kaltun alipokuja hapa Sultan Hamud kupima udongo wa kiwanja cha zamani cha nguzo za umeme, akauliza ni nani atamchimbia mashimo arobaini, niliinua mkono kabla vijana hawajamaliza kujikuna.

"Mama, utaweza kweli?" akaniuliza.

"Wewe leta ramani," nikamwambia. "Mambo ya kuweza niachie mimi."

Kiwanja chenyewe kiko nyuma ya reli. Zamani nguzo zilikuwa zinaletwa hapo, zinatumbukizwa kwenye tangi la dawa, na zikitoka zina rangi ya kijani na mchwa hawazigusi tena. Marehemu mume wangu, Mwau, alizivuta hizo nguzo mpaka siku kiwanda kilipofungwa. Sasa kamati ilitaka kujenga soko jipya, na ndani ya soko, chumba cha chekechea.

Hicho chumba ndicho kilichonitoa nyumbani. Binti yangu Mutindi anauza vitunguu kando ya barabara ya Mombasa. Mjukuu wangu Kanini ana miaka minne, na anashinda chini ya meza ya mamake huku malori yakipita hatua tatu tu kutoka kichwa chake. Nilikuwa naogopa kila siku, Mungu ni shahidi. Nilikitaka hicho chumba kuliko kitu chochote hapa duniani.

Kaltun ni wa Garissa. Anaongea polepole, lakini akisema shimo liwe futi tatu, ni futi tatu. Kila shimo tulitoa udongo, tukautia kwenye chupa, kisha nikapigilia pegi yenye namba ili pasipotee. Pegi za chuma zilichelewa kufika, basi nikaenda kwa seremala nikaokota vipande vya mbao laini. Mwenyekiti wa kamati, Mbaluka, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu, akanicheka mbele ya watu.

"Muthoki, mbao laini Ukambani? Umewapikia mchwa?"

"Wakila nitapigilia zingine," nikamjibu. "Kwani ni mbao za kwenu?"

Tulichimba sana pale tangi lilipokuwa. Kwenye kona ya nyuma, ramani ilisema palikuwa maegesho ya magari, na juu kulikuwa na murram ya kumwagwa, ule udongo mwekundu wa barabarani. Kaltun akachukua udongo wa juu juu tu, mimi nikapigilia pegi zangu, tukaendelea. Hiyo kona ndiyo Mbaluka alikuwa ameichagulia chekechea.

"Angalieni," akasema, "hakuna kichuguu hata kimoja. Fundi anasema mlango wa hapa utakaa miaka hamsini. Hii kona imebarikiwa."

Na mimi niliitikia amina. Mkamba ukimwonyesha ardhi isiyo na mchwa, hakuulizi swali la pili.

Wiki tatu baadaye majibu ya maabara yakaja. Pale kwenye tangi kulikuwa na sumu, arseniki, na udongo wake ulipaswa kuchimbwa na kupelekwa mbali. Kwingine kote kulikuwa salama, kona ya nyuma ikiwemo. Tukaenda kuonyesha watu wa tingatinga mipaka. Ukishika pegi, inabaki vumbi mkononi. Mchwa walikuwa wamezila zote, wakaacha maganda ya rangi yenye namba. Mbaluka akanicheka tena mpaka akakohoa.

Tulipofika kona ya nyuma, akaacha kucheka na kuanza kusifu. Pegi sita zilikuwa zimesimama. Niling'oa moja. Ilikuwa imepita ile murram ikaingia kwenye udongo mweusi wa chini futi nzima, na ilikuwa safi, haina hata alama ya jino.

"Si niliwaambia?" Mbaluka akasema.

Nikaigeuza ile pegi mkononi. Mchwa wa Sultan Hamud hula viatu. Walikula Biblia ya mama yangu. Hawa ni wa kuacha mbao laini wiki tatu kwa sababu ya baraka? Wee!

"Kaltun," nikasema, "hapa chini kuna dawa ya nguzo. Chimba tena."

Kaltun akaichukua ile pegi. "Mama Mutindi, mimi nakuamini. Lakini ripoti inatakiwa Ijumaa. Nikiandika kwamba nimesimamisha ujenzi kwa sababu ya mchwa, watanifukuza. Nipe sababu inayoandikika."

"Tukichelewa, mvua itatukuta," Mbaluka akasema kwa ukali. "Ujenzi utasukumwa mpaka mwakani. Wewe Muthoki si ndiwe ulikuwa unalia mjukuu wako anakaa kwa barabara?"

Maneno hayo yaliniingia kabisa. Nilienda nyumbani nimenuna, nikiongea peke yangu njiani kama mlevi.

Kanini alikuwa amenitangulia. Alikuwa amekaa chini ya ikumbi, ghala langu la nafaka, anakanda udongo na maji, anapika chapati zake za kujifanya. Akalamba kidole akaniambia mimi nyanya yake, "Susu, karibu chai."

Nikakishika kile kidole. Nikakumbuka kila kitu.

Nieleze kuhusu ikumbi yangu. Inajulikana mpaka Emali. Miaka ishirini na miwili imesimama na mchwa hawajaipanda hata siku moja. Watu hutoka mbali kuchukua mbegu ya ndengu kwangu, wakiniuliza siri, na mimi najipiga kifua nasema ni mkono wangu. Uongo mtupu! Siri ilikuwa Mwau. Alibeba udongo kutoka kiwandani, magunia manne kwenye baiskeli, akaumwaga hapo chini na kuushindilia. Tena alinieleza alikoutoa: nyuma ya kiwanda, mahali walipokuwa wanapanga nguzo zikitoka kwenye tangi, zichuruzike mpaka zikauke. Ndiyo ile kona. Mtu wa ramani angejuaje?

Nilimwinua Kanini, nikamnawisha mikono mara tatu kwa sabuni ya bar mpaka akalia. Mimi pia nililia, sitaficha. Nililia kwa hasira. Sababu ya Kaltun ilikuwa kwangu nyumbani, na nikiitoa, hakuna mtu atakayechukua tena mbegu kwa Muthoki. Watauliza tumekula nini miaka hii yote. Na wataniuliza mimi, si marehemu.

Lakini mficha uchi hazai. Asubuhi nilienda kiwanjani, nikawakuta Kaltun na Mbaluka wameinamia karatasi kwenye boneti ya gari.

"Unataka sababu inayoandikika?" nikasema. "Andika. Mimi Muthoki, mjane wa Mwau aliyefanya kazi hapa, nasema kona ile nguzo zilikuwa zinachuruzikia. Mume wangu alileta udongo wake kwangu, nikauwekea ikumbi juu. Njoo uchimbe kwangu kwanza, halafu urudi uchimbe hapa."

Mbaluka akainuka kutoka kwenye karatasi. Yeye mwenyewe alipanda mbegu yangu msimu uliopita.

"Muthoki," akasema polepole, "una hakika unataka kusema hivyo mbele ya watu?"

"Mwenyekiti, mimi nimeshasema."

Kaltun hakungoja aambiwe mara mbili. Tulichimba kwangu futi tatu, tukachimba ile kona futi nne, na jembe nililishika mimi mwenyewe pote pawili. Majibu yalipotoka alinipigia simu kabla ya kumpigia mtu mwingine. Arseniki ilikuwa nyingi kona ile kuliko hata pale kwenye tangi. Kwangu ilikuwa ileile.

Kanini alipimwa hospitali. Sumu imo kidogo mwilini, daktari akasema, na itatoka yenyewe asipoigusa tena. Nilibomoa ikumbi siku hiyohiyo, ndengu zote zikaenda kutupwa pamoja na udongo wa kiwanja. Watu walisema. Wacha waseme, midomo ni yao. Mbaluka ndiye alisimama kanisani akawaambia kama si Muthoki tungewalaza watoto wetu juu ya sumu na kuiita baraka.

Mvua ilitukuta, kweli. Mwaka mzima Kanini alikaa chini ya ile meza, na mwaka mzima nilikaa naye nikiwatukana madereva wa malori. Chekechea ilijengwa upande wa pili, pale pegi zangu zilipoliwa zikaisha.

Juzi alirudi kutoka darasani amekasirika, mikono kiunoni, utadhani ni mimi.

"Susu, mchwa wamekula mguu wa kiti changu!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, yeye akazidi kukasirika.

"Mwambie mwalimu akupe kiti kingine," nikamwambia, "na ukae palepale."