Hamsini ya Chuma Chetu

Klabu ya Chuma Chetu haikuanzishwa na mtu mwenye misuli. Ilianzishwa na mama mmoja mwenye sukari, aliyeambiwa na daktari afanye mazoezi au azoee sindano. Mama akasema kukimbia barabarani watu wakimcheka, ng'o! Mwanawe alikuwa fundi wa kuchomelea. Akaokota giya mbili za gari bovu, akaziunga kwa kipande cha bomba, akamwekea uani anyanyue. Wiki ya tatu mashoga wa mama walikuwa wamepanga foleni. Ua ukawajaa, wakaomba ghala la mbao la mtaa, lililokuwa likilea panya tu, wakafagia, wakaingia.

Kiingilio hakikuwepo. Ukitaka kujiunga, ulete chuma cha kazi yako. Dereva alileta breki zilizokwisha, mshonaji gurudumu la cherehani, mwokaji mlango mzima wa tanuri, na bado akaulizwa mbona mwepesi. Fundi alivikata na kuviunga vikawa sahani za kunyanyulia, akaandika kwa rangi jina la utani la mwenyewe na uzito. Uzito huo aliupata kwa jirani yake, mnunuzi wa chuma chakavu, aliyemwachia mizani bure. Alikata hapa, akaongeza pale, hadi mshale uguse kumi kamili. Hata bomba la kupachikia sahani alilipima hapohapo.

Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Migongo ikanyooka, presha zikashuka, na yule mama wa sukari akawa anapanda ngazi za ghorofa ya nne huku akiimba, makusudi, ili majirani wasikie. Klabu haikuwa na kioo hata kimoja. Mtu alijiona mzima kwa macho ya wenzake, basi.

Ndipo mwenyekiti wa mtaa akaja na barua mkononi. Wenye jumba la mazoezi la vioo, lile la barabara kuu, walilitaka ghala.

"Miaka kumi na moja, hata cheti kimoja hamna," alisema. "Hiki ni kijiwe cha kutolea jasho. Mashindano ya wilaya ni mwezi ujao. Leteni kombe, ghala libaki lenu. Mkikosa, mhame."

Fundi alikosa usingizi siku tatu. Klabu nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa kupelekwa, naye ni Shangazi, dada wa marehemu baba yake. Alikuwa dobi mwenye miaka arobaini na sita, mikono imekomazwa na kukamua mashuka ya hoteli, mdomo umekomazwa na nini sijui. Lakini Shangazi alikuwa amekwama. Kwa miaka mitatu hakuwahi kupita hamsini.

"Hamsini naipata kwa kuitukana," alikuwa akisema. "Ukiongeza kilo mbili tu, hainisikilizi."

Siku ilipofika ukumbi wa wilaya ulijaa pomoni. Mwenyekiti alikaa mstari wa mbele, pembeni yake wenye jumba la vioo waliokuwa wamemleta mwalimu wao, binti mwenye mabega ya mlango. Kila mshindani alikuwa na zamu tatu. Shangazi akaomba kuanza na arobaini na tano. Akainama, akavuta, na chuma kikaruka juu kwa kasi hata yeye mwenyewe akayumba hatua moja nyuma.

Alirudi amekunja uso. "Wamekosea. Hiyo si arobaini na tano. Nenda kaulize, tusije tukaitwa wezi."

Fundi akaenda. Mpimaji, kwa kununa, akapandisha sahani zote mizanini mbele yake. Zilikuwa sawasawa. Zamu ya pili ikawa hamsini, ile ya matusi, nayo ikapanda kabla Shangazi hajakumbuka tusi la kwanza.

Hapo Fundi akaanza kuzishuku namba zao wenyewe. Kwenye mkoba walikuwa na sahani yao moja ya kupashia mwili joto, iliyoandikwa kumi. Akamsihi mpimaji aipime. Mizani ikasoma kumi na mbili.

"Rudia, ndugu yangu."

Kumi na mbili tena.

Fundi akajipiga kofi kwenye paji la uso. Mnunuzi! Mtu anayenunua chuma kwa kilo, mizani yake izidishe ili iweje? Mtaa mzima ulijua kwamba ile mizani inapunja. Yeye mwenyewe aligombana nayo kila alipouza mabaki. Lakini siku ya kupima sahani zake alisahau, kwa kuwa alipewa bure, na cha bure nani hukichunguza?

Wakati huohuo binti wa jumba la vioo akamaliza zamu yake ya mwisho kwa hamsini na nane. Ukumbi ukalipuka. Shangazi akaketi, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Tumekwisha, mwanangu. Hamsini na nane mimi naiota tu."

Fundi akasita. Akimwambia, huenda namba ikamtisha miguu ikalegea. Asipomwambia, hataomba. Akachuchumaa mbele yake.

"Shangazi, hamsini ya kwetu ni sitini."

"Sitini ya nani?"

"Ya dunia nzima. Mizani ya chakavu ilikuwa inatupunja."

Shangazi akamkazia macho. "Yaani miaka mitatu umenibebesha kilo kumi zisizo na jina?"

"Nisamehe, Shangazi. Kosa ni langu."

"Nyamaza. Msamaha utauombea nyumbani." Akafunga kamba upya, akazikaza. "Kawaambie sitini."

Mtangazaji alipoisema, watu wakacheka, na mwenyekiti akacheka zaidi ya wote. Shangazi akapaka chaki viganjani. Akashika chuma, akakitukana polepole, kwa utaratibu, kama anavyofanya siku zote. Akakivuta hadi mabegani. Fundi akafumba macho, akaona aibu, akayafumbua. Chuma kilikuwa juu, mikono imenyooka, na bendera nyeupe tatu za waamuzi zimepanda kukubali.

"Shusha!" mwamuzi akaamuru.

Hakushusha. Jasho likimtiririka hadi kidevuni, akageuza shingo kuelekea mstari wa mbele.

"Mwenyekiti! Ghala la nani?"

"Shusha kwanza, mama, utaumia!"

"La nani?"

"Lenu!"

"Sisikii!"

Mwenyekiti akasimama, mikono hewani, akapaza sauti mbele ya wilaya nzima: "Ni lenu, Shangazi! Lenu! Shusha!"

Ndipo Shangazi akakiachia chuma, sakafu ikatikisika, na Fundi akalia waziwazi, bila hata kujifuta.