Trei Sita Juani

Bomba lilikohoa mara mbili gizani, likanyamaza, kisha likaanza kutema hewa. Nilikuwa nimeshasimama. Hapa Tiruppur maji ya bomba huja mara moja kwa wiki, na ukiyakosa umeyakosa. Zamani mimi nilijaza mitungi, mume wangu Kathirvel akabeba. Siku hizi najaza, nabeba, na nikirudi nje nakuta mtungi wangu umesukumwa pembeni.

"Mama Vioo, sogea basi," alisema jirani yangu Sornam. "Au na haya ya kunywa unataka kuyaanika?"

Wenzake wakacheka. Mimi pia nikacheka kidogo.

Kathirvel ni fundi rangi. Alikuwa akitia rangi vitambaa vya fulana kwenye kiwanda cha Bwana Loganathan, mpaka wakaguzi walipokifunga kwa sababu ya maji mekundu yaliyokuwa yakiingia mtoni. Huu ni mwezi wa tisa yuko Surat, mbali, siku mbili kwa treni. Binti yetu Iniya, mwenye miaka minne, huifunika simu yangu kwa kitambaa kila jioni, eti baba alale.

Kathirvel alipiga simu siku hiyohiyo, Jumatano, kabla hajaingia zamu.

"Vipi vioo vyako?"

"Leo ndiyo naanza. Bwana Loganathan kanipa mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Akiona maji yamesafika, anapeleka ombi la kufunguliwa. Asipoona, Jumamosi anauza mashine."

Nilisikia wanaume wakigombania bafu nyuma yake.

"Poonkodi, huku wananipa mkataba wa miaka miwili. Jumamosi natakiwa nisaini. Akiuza mashine nitarudi kufanya nini? Kukaa barazani nikutazame?"

"Utanitazama tu. Kwani nimechuja?"

Akacheka, simu ikakatika.

Vile vioo nilivipata kwa Mwalimu Amudha, anayetufundisha kemia madarasa ya jioni. Vimepakwa chembe nyeupe za nano, ndogo kiasi kwamba jicho halizioni moja moja. Zikiwa gizani hazina kazi. Jua likizipiga zinaamka na kuivunjavunja rangi iliyomo majini mpaka isiwe rangi tena. Chumvi inayotumika kutia rangi haziiondoi, Mwalimu alituambia wazi, hiyo ina mashine yake. Lakini rangi, alisema, ipe jua siku nzima uone.

Basi asubuhi ile nilipanga trei sita juu ya paa la kiwanda, nikalaza vioo chini, nikamimina maji mekundu yaliyobaki kwenye tangi la kusuuzia, kina cha vidole viwili, vioo visionekane tena. Kisha nikakimbilia kazini kwangu kukata nyuzi za fulana, nikaziacha trei mikononi mwa mlinzi, mzee Nachimuthu, ambaye sote tunamwita Thatha, yaani babu.

Saa kumi na mbili jioni nikapanda mbio. Mekundu. Mekundu vilevile kama nilivyoyaacha.

Nilikaa chini pale juu ya paa. Nyumba za jirani zilikuwa zinawasha taa, mtu alikuwa anakaanga mbegu za haradali, na muuza maua ya asmini alipita barabarani akiita. Tangu Kathirvel aondoke sinunui maua. Ya nini, wa kuyanusa nani? Usiku ule sikumpigia Mwalimu. Nilihofia kusikia sauti yake ikinihurumia.

Alhamisi nilimimina maji mapya. Lakini mchana, wenzangu walipofungua vyakula vyao na kukaa wawili wawili, mimi nikaona afadhali niende kuangalia trei kuliko kula peke yangu tena. Nikapanda ngazi za kiwanda jua likiwa utosini.

Trei hazikuonekana. Palikuwa na turubai la bluu, limetandazwa vizuri, limebanwa matofali kila pembe, na Thatha ameketi kivulini pembeni yake akinywa uji wa uwele.

"Thatha! Nani kafunika?"

"Mimi, kannu, mwanangu. Na jana nilifunika vilevile. Ulipoondoka tu jua likakaza, nikasema, mtoto wa watu kasahau. Jioni nikalikunja ukute kila kitu sawa."

"Lakini mimi nalitaka hilo jua!"

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa atie kinyesi kwenye uji. "Jua? Kwenye rangi? Miaka arobaini nimefanya kazi kwa watu wa rangi. Chochote kibichi chenye rangi hufunikwa. Loganathan mwenyewe, alipokuwa mdogo, nilimchapa kofi kwa kuanika kitambaa juani. Jua linakula rangi, kannu!"

"Ndiyo, Thatha. Nataka liile."

Akaweka bilauri chini taratibu.

"Siku mbili nimekuharibia," alisema. "Na wewe hukuniambia."

Kweli sikumwambia. Nilizoea mno kufanya kila kitu bila kumwambia mtu.

Ijumaa sikwenda kazini. Nilimbeba Iniya, mwavuli na wali wa mtindi, nikamimina maji saa moja asubuhi, nikakaa. Thatha alikataa kushuka. Kila wingu lilipopita alilitukana, lenyewe na ukoo wake wote. Mimi nilikoroga kila baada ya muda, kwa upole, nisivikwangue vioo. Saa tano niliona kama yamepauka. Saa sita nikasema ni macho yangu tu, jua limenichosha. Saa nane sikutaka tena kutazama. Nilimfikiria Kathirvel akiwa na kalamu mkononi, na vile angesoma mkataba kwa kidole, neno kwa neno, kama anavyosoma kila kitu.

Saa kumi kamili Bwana Loganathan alipanda, akihema, akifuta shingo. Aliinama juu ya trei ya kwanza.

"Yamesafika, bwana," nikasema.

"Kwako yamesafika. Wewe unamtaka mumeo. Mimi nakitaka kiwanda changu. Thatha anataka usimkasirikie. Hapa hakuna jicho la kuaminiwa." Akamgeukia Iniya, aliyekuwa akichora kwa kidole chenye maji juu ya zege. "Huyu anajua tunataka nini?"

"Hajui. Sijamwambia."

"Mgeuze aangalie kule."

Nilimgeuza. Mabega yake yalikuwa ya moto kwa jua. Nyuma yetu Bwana Loganathan alipekua mfuko wa shati, kitu kikatumbukia majini, na maji yakachukua muda kutulia. Thatha alikuwa ameshika kichwa chake kwa mikono miwili. Nikamwachia mwanangu.

"Haya, mama mdogo," alisema Bwana Loganathan, akichuchumaa karibu naye. "Mle chini kuna nini?"

Iniya alishika ukingo wa trei, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa maji, akakaa hivyo huku sisi watu wazima watatu tumeshikilia pumzi.

"Kuna kifungo cheusi, na kina matundu manne."