Nyuma ya Nyumba ya Mama Mkwe

Aliyeanza kucheka alikuwa mgeni mwenye darubini. Alikuwa ameketi katikati ya benchi, miguu ameinyoosha kama mtu aliyenunua kilima kizima, akiisogeza darubini yake taratibu kutoka mtoni hadi mashambani. Kisha akaituliza juu ya kitu fulani chini kabisa ya mteremko.

"Jamani," alisema, "njooni mwone bafu lisilo na paa."

Darubini ikapita mkono hadi mkono. Walikuwa walimu waliofunga shule, wamekuja kunyoosha miguu na kusahau chaki, na kila aliyeitia machoni alipata neno la kuongeza. Mmoja alisema mwenye bafu hilo huoga na ndege. Mwingine akasema wakati wa mvua hana haja ya kuteka maji. Fundi Njia, aliyekuwa amesimama kando yao kwa kuwa ndiye aliyewaongoza kupanda, alicheka pamoja nao. Alicheka kabla hajaona chochote, kicheko cha mwenyeji anayetaka wageni warudi tena.

Ndipo na yeye akapewa darubini. Aliona kuta nne za mabanzi, wazi kwa juu, na ndani yake jiwe la kusimamia. Mlango wa nyuma wa nyumba ukafunguka. Akatoka mwanamke mzee aliyejifunga kanga hadi kwapani, mkononi ndoo ya maji yanayofuka mvuke, akichechemea kidogo upande wa kushoto. Alipofika mlangoni mwa bafu aliitua ndoo, akaweka kiganja juu ya macho kukinga jua, akatazama juu kilimani. Alitazama kwa muda. Kisha akaichukua ndoo yake, akarudi nayo ndani.

Fundi Njia hakuishusha darubini upesi, kwa sababu angeishusha watu wangemwona uso. Mwendo ule aliufahamu. Alikuwa ameuona mara nyingi ukivuka sebule na sinia la chai, na kila mara aliinuka nusu kwenye kiti chake, asijue kama ampokee sinia au abaki mgeni. Yule alikuwa mama wa mke wake, na kicheko chake mwenyewe kilikuwa hakijakauka mdomoni. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ile aliitengeneza yeye, na aliitengeneza imara.

Watu wa halmashauri ndio waliompa jina la Fundi Njia, na hawakuwa wakimvisha kilemba cha ukoka. Kila kijia cha hifadhi ile ya kilimani kilianza chini ya miguu yake. Alijua mteremko upi utawachosha wazee na upi utageuka mfereji mvua zikianza. Alijua mahali watoto watakapokata kona, akapatupia miiba mapema. Lakini fahari yake ilikuwa benchi lile la juu. Alizipandisha mbao zake begani, akalikaza kwa nati kwenye msingi wa zege, kisha akashika panga na kufyeka vichaka vyote vilivyokuwa mbele yake mpaka bonde likawa wazi. Meneja alipofika aliketi, akasema, "Wewe una jicho." Picha iliyopigwa kutoka pale ikawekwa kwenye kalenda ya halmashauri.

Na mtu mwenye jicho hilo hakuijua nyumba ya wakwe zake. Tusimcheke mapema. Nyumba ile hufikiwa kwa barabara inayokizunguka kilima upande wa pili, na yeye aliifikia hivyo miaka yote: kwa mbele, akibisha hodi angali uwanjani, akikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akinywa chai yake na kuaga jua likiwa bado juu. Nyuma ya nyumba hakuwahi kukanyaga. Mwanamume mwenye adabu haendi kuchungulia mama mkwe wake anaanika nini na anaoga wapi. Kwa hiyo siku alipokuwa juu na panga lake aliona mabati yanayofanana na mabati mengine, akaendelea kufyeka. Ni heshima iliyomfumba macho, na jambo hilo, badala ya kumfariji, lilimuuma zaidi, kwa kuwa halikumwachia mtu wa kumlaumu.

Jioni hiyo alizunguka sebuleni kwake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mke wake alikuwa akipiga pasi sare za watoto.

"Kaa basi, baba watoto. Unanitia kizunguzungu."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Kwani umesikia nini?"

"Sijasikia kitu. Siku hizi..." Kila namna aliyoligeuza, swali lile lilikuwa halina upande wa kulishikia. "Siku hizi huwa anaoga saa ngapi?"

Pasi ikasimama. Mke alimtazama mpaka sare ikaanza kutoa harufu, ndipo akainua pasi na kuisimamisha kando.

"Kumbe umefika huko," alisema.

"Leo tu. Nakuapia, leo tu."

"Anaoga kabla hakujapambazuka. Na baridi ile, na kifua chake unakijua. Au asubiri giza, na giza analiogopa tangu alipoteleza akaumia nyonga. Siku nyingine anajipangusa chumbani kwa kitambaa, kama mgonjwa. Mchana anajaribu. Anachemsha maji, anatoka, anakuta watu juu, anarudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema kazi yako ndiyo sahani ya wajukuu wake. Halafu ningekuambiaje? Kwamba mama mkwe wako anaomba uwaondoe watu aoge?" Alikunja sare, akaikunjua, akaikunja tena. "Na kuna jingine. Anaamini unajua. Alikuona siku ile ya kwanza ya benchi, umekaa pale juu, unatazama kwake."

Fundi Njia akakaa, sasa bila kuambiwa. Kule kilimani alidhani aibu imemfikisha chini kabisa, kumbe chini nako kuna chini yake. Miezi yote hiyo mama mkwe alikuwa akimkaribisha mtu ambaye, kwa alivyojua yeye, alipanda kilimani akafyeka vichaka ili bafu lake lionekane. Alimmiminia chai mtu huyo. Alimuuliza habari za kazi. Na kila mara alimwongezea sukari, akijua anapenda tamu.

Asubuhi alikwenda ofisini kwa meneja. Kalenda ilikuwa ukutani nyuma ya kiti, na katibu muhtasi alikuwa akichapa kwenye meza ya pembeni.

"Nataka kulihamisha benchi," alisema.

"Lipi? Lile?"

"Lile. Mwamba ulio chini yake una ufa."

"Mwamba ule umekaa pale tangu babu yangu hajazaliwa. Ufa uko wapi?"

Katibu muhtasi akaacha kuchapa. Alijifanya anatafuta kitu kwenye droo ya meza, lakini masikio yalikuwa yamesimama. Fundi Njia aliyatafuta maneno akayapata: mama mkwe, bafu, ndoo. Yalikuwa maneno mepesi ya kila siku, lakini kuyatamka humo ndani kulikuwa sawa na kumtoa mama wa watu na kanga yake akapite mbele ya halmashauri nzima. Uso umeumbwa na haya, na wake ulishuka mpaka kwenye viatu.

"Labda siyo ufa," alisema.

"Siyo ufa. Nisikilize, ndugu yangu. Wakubwa wanakuja wiki ijayo, na kitu cha kwanza watakachouliza ni benchi. Ukiligusa benchi, ujue umeugusa na mkataba wako."

"Nimekuelewa, mkuu."

Alitoka akijichukia. Alikuwa amesema uongo ili kumsitiri mama mkwe, na uongo wenyewe ulimsitiri yeye peke yake.

Hakwenda kazini. Alipita dukani akanunua mabati, akayafunga nyuma ya baiskeli na kuifuata barabara yote ya kuzunguka kilima hadi kwa wakwe, mabati yakipiga kelele kila palipokuwa na shimo. Spana yake ilikuwa mfukoni kama siku zote. Alibisha hodi akiwa uwanjani. Alikaa kwenye kiti kile kile cha karibu na mlango. Chai ikaja, na sukari yake.

"Umekuja na mabati, baba," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, mama."

"Ya nini?"

"Ya... banda la kuku, mama."

"Kuku niliwauza zamani."

Wakanywa chai. Ukutani ilikuwapo kalenda ya halmashauri, ambayo yeye mwenyewe aliileta kwa majivuno, na mama mkwe akaitundika mahali pazuri kuliko picha za wanawe. Fundi Njia alikuwa ameitazama mara nyingi. Leo macho yake yaliteremka hadi pembeni chini, penye mabati yanayofanana na mengine, na hapo akakiona kitu kidogo cha pembe nne, wazi kwa juu. Kilikuwa hapo siku zote. Mwenye nyumba alikuwa akiishi na picha ya bafu lake ukutani, mbele ya kila aliyeingia, kwa sababu mkwe wake ndiye aliyemletea.

Akapiga moyo konde.

"Mama," alisema, macho sakafuni, "sikujua kama ni kwako. Nilipokata vile vichaka, sikujua. Nyuma ya nyumba hii sijawahi kufika."

Mama mkwe aliuzungusha mkono wa kikombe chake mpaka ukaelekea ukutani.

"Hujawahi," alikubali. "Siku ile ulipunga mkono."

Alikumbuka. Mpiga picha wa kalenda ndiye aliyemwambia apunge, ili bonde lisionekane kama halina watu.

"Nilikuwa naanua nguo," mama mkwe aliendelea. "Nikasema, mkwe wangu yule, ameniona, ananisalimu. Nikakupungia. Nikamwita na jirani aje akuone ulivyokaa juu kama mkubwa. Tukapunga wote wawili."

"Sikuwaona, mama."

"Leo ndiyo najua." Alikitua kikombe. "Muda wote huu nimemkasirikia mtu aliyeniona. Kumbe hakuniona. Sijui lipi afadhali."

Hakuna tusi ambalo lingemfika kama hilo, na halikuwa tusi. Fundi Njia alitaka kuomba radhi, lakini radhi aliyokuja nayo ilikuwa ya kosa jingine. Ya hili hakuwa nayo.

"Mabati yako utayarudisha dukani," alisema mama mkwe akiinuka, mkono mmoja kwenye nyonga. "Nimeoga na jua mgongoni tangu nilipoletwa hapa bibi harusi. Mifupa hii, dawa yake ni jua. Njoo uone."

Alimfuata hadi pembe ya nyumba, na hapo miguu ikakataa. Mama mkwe aligeuka.

"Pita. Ni mimi mwenyewe ninayekukaribisha."

Akapita. Palikuwa na kamba ya nguo, matuta ya mboga, na bafu la mabanzi yaliyopigwa msumari kwa uangalifu, kila tundu limezibwa kwa kitambaa. Mtu alikuwa amejisitiri kwa bidii pande zote nne. Kisha akainua uso. Benchi lilikuwa karibu mno. Kutoka juu bonde lilionekana mbali, kitu cha kuchora, lakini kutoka hapa aliwahesabu watu kwa kofia zao, na sauti zao ziliteremka na upepo neno kwa neno. Mwanamke mmoja alikuwa akiuliza nani ana maji ya kunywa. Yeye aliyeusanifu mteremko ule, hata siku moja hakufikiri kuutazama kutoka chini.

Ndoo ilikuwa mlangoni mwa bafu, inafuka mvuke. Hodi yake ndiyo iliyomkatiza mama mkwe safari hii.

"Maji yatapoa, mama."

"Huwa yanapoa."

Wale wa juu walikuwa wamewaona. Mmoja alisimama akapunga mkono, na wengine wakamwiga wakicheka, kwa nia njema kabisa ya watu walio mapumzikoni. Mama mkwe akainua mkono wake mwembamba, akawapungia.

"Wapungie, baba," alisema. "Ni wageni wako."

Akainua mkono. Mbao zote za benchi lile hazikumlemea hivyo. Alipoushusha, uligonga spana mfukoni, na hapo hapo zikamjia sare za watoto zilizokunjwa, na sauti ya meneja, na karo ya muhula ujao. Vilimjia vyote kwa pamoja, akavisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mama mkwe, "Chemsha mengine," akauvuka ua.

Hakufuata njia. Alipanda moja kwa moja mteremkoni, akishika visiki vya vichaka alivyovifyeka mwenyewe, ambavyo vilikuwa vimeanza kuchipua na kumfikia magotini. Mawe yalimponyoka chini ya viatu. Mahali pengine alitambaa. Wageni walipomwona walifurahi, wakadhani ni mchezo wa mahali hapo, wakaanza kumshangilia: "Kaza, mzee! Kaza, umefika!" Na yeye alipanda katikati ya shangwe hizo, jasho likimwingia machoni, akijua kwamba mtu mmoja chini anamtazama mgongo.

Alifika juu akiwa na udongo magotini na viganjani. Mwanamume mmoja mchangamfu alisogea upesi kumpisha, akapangusa ubao kwa kofia yake.

"Kaa hapa katikati," alimwambia. "Hapa ndipo panapoonekana kila kitu."

Fundi Njia hakukaa. Alitoa spana mfukoni, akangoja pumzi irudi ili aweze kuomba kwa adabu.

"Naomba msimame," alisema.