Saa Moja na Nusu Kutoka Marseille

Naapa kwa macho yangu haya mawili, na nikisema uongo meno yangu ya bandia yadondoke mezani mbele za watu: haya yote ni kweli tupu.

Kutoka Marseille hadi kwetu Palermo ni kama kilomita mia tisa za bahari, na ndege huzimaliza kwa saa moja na nusu. Ninfa Lo Cascio aliolewa huko Marseille, na kila akipiga simu alimtania mama yake: "Mimi niko karibu kuliko huyo dada yangu wa Messina, hapo hapo kisiwani kwenu. Ukiweka maji ya tambi jikoni, mimi huyo mlangoni!" Na kwa kuwa palikuwa karibu, hakuona haraka ya kuja. Baba yake alipougua, akasema atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa nyingine. Mzee akafa.

Kwetu maiti hakai. Hulazwa sebuleni, jeneza wazi, majirani wamuage. Kesho yake fundi huja na mtungi wake wa gesi kulehemu bati la zinki juu ya jeneza, lisifunguliwe tena, kisha kanisani. Ninfa alitaka jambo moja tu: auone uso wa baba kabla ya bati.

Ndege ilipaa vizuri. Alipouona mlima wa kwao dirishani, akajifunga kitambaa cheusi. Hapo siroko, ule upepo wa moto wa kutoka Afrika, ikavuma. Ndege ikashuka, ikayumba kama mlevi, ikapanda tena. Rubani akatangaza kuwa wanakwenda kutua Catania, upande wa pili wa kisiwa.

"Dada, baba yangu yuko hapo chini!" Ninfa alimshika mhudumu mkono. "Hapo hapo!"

"Pole, mama. Funga mkanda. Upepo haujui msiba."

Akiwa ndani ya basi la kutoka Catania, alimpigia mama yake.

"Fundi ameshafika, mwanangu. Ana maiti mwingine Bagheria."

"Mama, mzuieni!"

"Anazuiwa na yule jirani."

Jirani huyo, mstaafu mwenye sura ya kupendeza, alikuwa ameukalia mtungi wa gesi, anasimulia jinsi siroko ilivyowahi kuisukuma ndege ya Marseille ikatua kabla abiria hawajamaliza kuagana na wake zao.

"Mzee, nipishe nifanye kazi."

"Tulia, kijana. Bado sijafika kwa askofu aliyepeperuka."

Akamshikilia hivyo mpaka giza lilipoingia. Ninfa akaingia mbio, akambusu baba kwenye paji la uso, ndipo moto ukawashwa.

Juzi baani nilikuwa nimefika hapo katika kusimulia, wenzangu wanafuta machozi, mtu akasema nyuma yangu: "Muongo."

Alikuwa Ninfa, amekuja kwa misa ya arobaini.

"Nilikuta bati limeshapoa, Bwana Gaspare. Nililigusa kwa mkono huu. Wewe ulikuwa barazani na fundi, mnavuta sigara, mnacheka habari za askofu."

Nilitoa pochi, nikamwambia mwenye baa awape wote kahawa kwa hesabu yangu. Ya Ninfa niliipeleka mwenyewe, kwa mikono miwili. Akaitazama mpaka ikapoa, akainuka, akaenda kanisani.