Kuku wa Kuombea Njia

Barua ilikuwa na kurasa mbili na alama za vidole gumba arobaini na moja, na ilifika ofisi ya teritwari, serikali ya Wabelgiji pale Kamina, pamoja na kuku. Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 1957, baridi ya asubuhi bado inauma masikio. Kuku mwenyewe alikuwa mwekundu, mnene, miguu imefungwa kwa kamba ya majani makavu. Mama Kabedi, aliyetumwa na kijiji chake, alimweka juu ya meza ya karani Edmond taratibu, kama anavyowekwa mtoto aliyelala.

Barua Edmond aliijua neno kwa neno. Ni yeye aliyeiandika, Jumapili tatu mfululizo baada ya misa, kwa Kifaransa cha adabu nyingi, kile kisichotaja shida mpaka kimekwisha kupiga magoti mara nne. Shida yenyewe ilikuwa nyepesi kueleweka. Kijiji cha Kitwa kilikuwa upande mmoja wa stesheni, zahanati upande wa pili. Zamani katikati palikuwa na reli mbili, mtu anavuka anakwenda zake. Sasa zilikuwa nane, na treni za mizigo zililala juu yake tangu asubuhi hadi jioni zikingojea injini. Kivuko cha halali kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu, hapo hujarudi. Kwa hiyo watu wa Kitwa walipita chini ya mabehewa, wakitambaa na mizigo yao na wagonjwa wao.

Mwaka uliotangulia, Suzanne, mke wa Kisimba, alishikwa na uchungu kati ya reli ya tatu na ya nne. Yeye alipona, mtoto hakupona. Ndipo Kitwa ilipoamua kuandika. Waliomba kitu kimoja: mabehewa yaachanishwe mahali pamoja, upana wa machela na watu wawili wa kuibeba.

Na kuku? Mkono mtupu haulambwi. Pale Kitwa mtu haendi kwa chifu na maneno matupu, anatanguliza kuku. Chifu asipolitaka neno lako, kuku anarudi kwako siku ileile, mzima, na kamba yako mguuni, na wewe unajua. Akimbakiza, amelipokea. Akimla, hapo amejifunga mwenyewe, maana hakuna chifu anayeweza kukukatalia huku kuku wako yuko tumboni mwake. Edmond aliyajua haya yote. Baba yake alikuwa mtu wa reli aliyetoka mbali, lakini mama yake alikuwa Muluba wa Kinkondja, na mambo ya kuku aliyanyonya pamoja na maziwa.

Saa sita kasoro kidogo Bwana mkubwa, mzungu mwenye teritwari, alitoka chumbani mwake, akamwona kuku, akauliza ni wa nini.

Hapa ndipo Edmond alipokosea. Mezani alikuwa na daftari za kuhesabu watu za vijiji kumi na vinne, shingo ilimuuma, na kumweleza mzungu habari ya kuku wa Kiluba ni kazi ya mchana mzima, ambayo mwisho wake ni kuulizwa kama hiyo si rushwa. Akasema ni zawadi.

Bwana mkubwa akacheka, akashukuru, akamtuma kuku jikoni. André mpishi alimchinja Jumamosi. Kwa kuwa Bwana alikula kifua tu, vilivyobaki waligawana watu wa ofisi, na Edmond akaangukiwa na firigisi. Aliila kwa bukari, ugali wa kwao, wa moto, na sombe ya majani ya mihogo. Ilikuwa tamu, tusidanganyane.

Barua ikaanza safari. Teritwari iliipeleka wilayani, wilaya ikaipeleka Elisabethville, Elisabethville ikaipeleka kwa wakubwa wa reli, nao baada ya miezi mitano wakairudisha wakiuliza kama reli nane zilizotajwa ni za stesheni au za karakana. Edmond akajibu kwamba ni za stesheni. Jibu hilo nalo likapanda ngazi zilezile, pole pole, likipigwa mihuri.

Kila Jumatatu mama Kabedi, akishauza mihogo yake sokoni, alipita ofisini. Alikuwa mjane mfupi mwenye sauti ya chini, na hakuwa na haraka. Habari ya barua hakuiuliza hata mara moja.

"Kuku ilirudia?"

"Hapana, mama."

"Basi neno iko muzuri. Wafwako, mwana."

Akishashukuru hivyo kwa Kiluba, alikwenda zake akiwa ameridhika. Edmond alibaki akiitazama kalamu. Jumatatu za kwanza alijisemea kwamba hakusema uongo, maana kuku kweli hakurudi. Baadaye hata hilo alichoka kujisemea.

Jibu lilifika mwezi wa nane mwaka 1958, likamkuta Bwana mkubwa mwingine, yule wa kuku akiwa amekwisha kuhamishwa. Lilikuwa na mistari sita. Kazi ya kupanga mabehewa haikuruhusu kuacha nafasi, na wakazi waelekezwe kutumia kivuko kilichopo. Bwana mpya aliligonga muhuri, akalitupa mezani kwa Edmond, akamwambia awaambie watu wake.

Edmond hakuwaambia. Zilipita Jumatatu tatu, kila mara akijibu hapana, mama, hajarudi. Jumatatu ya nne mama Kabedi alikuja na bintiye mdogo, Léa, mwenye mimba ya kwanza, miguu imevimba, akihema mlangoni kwa kuwa alikuwa ametoka kutambaa chini ya mabehewa ya mahindi.

"Mama," Edmond alisema, "huyu mutoto, heri akae huku cité, upande ya zahanati, kwa ndugu, mpaka atazala."

Mama Kabedi alimshangaa. "Juu ya nini? Treni batatukatia. Kuku iko kwabo mwaka nzima na zaidi."

Jioni ile Edmond alimsimulia mkewe tena. Germaine alikuwa binti wa dereva wa treni, mwanamke asiyependa maneno ya kuzunguka. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua maharagwe.

"Umuambie," alisema.

"Nitamuambia."

"Ulisemaka vile juzi."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu wa hivyo hutafuta njia ya mkato. Jumamosi Edmond alikwenda sokoni, akachagua kuku mwekundu, mnene, akamfunga miguu kwa kamba ya majani. Alifikiri kuku atasema yale ambayo mdomo wake ulishindwa kuyasema. Akamkumbatia, akainama katika suruali yake ya ofisi, akapita chini ya mabehewa ya treni tatu, akatokea Kitwa na grisi mgongoni.

Mama Kabedi alimpokea kuku kwa mikono miwili. Akamgeuza, akampuliza manyoya, akamtazama miguu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu alikosa kitu kingine.

"Hii haiko kuku yangu. Yangu ilikuwaka na kidole imekatika."

Kisha uso wake ukaanza kufunguka. Kuku wako hakurudi, na juu yake umeletewa mwingine. Jambo kama hilo hata wazee wa Kitwa hawakulisikia, na kama lilikuwa na maana yoyote, ilikuwa maana ya furaha. Alikuwa tayari amegeuka kumwita Kisimba aje aone. Edmond alimzuia.

"Mama, ngoja. Kuku yako tuliikulaka."

"Nani aliikula?"

"Bwana mukubwa alikula kifua. Bantu ba ofisi balikula. Minyi nilikula firigisi."

"Na barua?"

"Barua balikatala."

Mama Kabedi alikaa chini kwenye kigoda, kuku wa sokoni mapajani. "Balikula, na balikatala," alisema.

"Yule Bwana hakujua kuku iko ya nini. Minyi sikumuambia. Nilisema iko zawadi."

"Juu ya nini, mwana?"

"Nilichoka, mama."

Hakuwa na sababu nyingine, na hiyo aliyoitoa ilikuwa ya kweli. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alitamani mwanamke yule amtukane, amalize, lakini mama Kabedi alikuwa akimtazama tu, kama anayepima urefu wa kitambaa.

"Muzungu hajue kitu, nitamuuliza nini?" alisema mwishowe. "Weye, mama yako iko Muluba. Weye ulijua, na ulikula. Na firigisi njo ya mwenyewe neno, mwenye anaikula njo anabeba neno." Akageukia nyumba. "Léa, kamata vitu yako. Unaenda kwa baba Edmond."

Hivyo ndivyo ombi la Kitwa lilivyokubaliwa. Léa alikaa kwa Edmond wiki sita, akajifungulia zahanati, mtoto wa kike, salama. Kabla mkeka wake haujakunjwa akaja mwingine, na baada yake mwingine. Kijijini hakuna aliyesema kwamba barua ilikataliwa. Walisema mwenye neno amepatikana, anakaa cité, nyumba ya pili toka kanisa. Ndani ya mwaka Germaine alipokea wanawake watano. Alizijua mimba za Kitwa kuliko Kitwa wenyewe. Edmond alilala kwenye kiti, miguu juu ya sanduku, akaamka kila siku na shingo ileile inayouma. Alikuwa karani wa daraja la tatu mwenye chumba kimoja na sebule, na chumba hicho ndicho kilichokuwa njia ya kuvuka zile reli nane.

Mwisho wa mwaka 1959 uchaguzi wa baraza ulifika. Constant, mwalimu, mzaliwa wa Kitwa ambaye mama Kabedi alimbeba mgongoni utotoni, alisimama juu ya sanduku la bia kando ya reli, akayanyooshea kidole mabehewa. "Kura yenu njo itakata hii treni," alisema. Wanaume wa Kitwa wakaenda kupiga kura, maana wanawake hawakuruhusiwa, na Constant akaingia barazani kwa kura nyingi.

Mwezi wa kwanza mama Kabedi alimwomba Edmond aiandike barua upya. Aliiandika usiku mmoja. Hakubadili kitu ila tarehe na jina la anayeandikiwa, na vidole gumba, ambavyo sasa vilikuwa hamsini na vitatu. Alitumaini. Ilimuudhi kutumaini, mtu mzima aliyeona mihuri yote ile, lakini alitumaini, na asubuhi alivaa tai.

Ofisi ya Constant bado ilinuka rangi. Mwenyewe alitoka mlangoni, akamwinamia mama Kabedi, akamwita kambo, yaani bibi, akamkalisha kwenye kiti chake, akaagiza limonade. Kisha akaisoma barua, kurasa zote mbili, midomo ikitikisika. Katika miaka yote ile Edmond hakuwahi kumwona mkubwa yeyote akiisoma hadi mwisho.

"Hii barua iko ya haki," Constant alisema. "Kambo, nitaipeleka ku conseil, ku baraza yetu."

Mama Kabedi akashukuru. Akainama, akamtoa kuku kwenye kikapu, mweusi, kamba mguuni, akamsukuma mbele kwa mikono miwili.

Constant alimtazama kuku. Hakuuliza ni wa nini. Hakucheka wala kusema zawadi. Alivuta mikono yake pole pole, akaiweka chini ya meza, magotini.

"Barua ninaikamata, kambo. Kuku, urudie nayo."

"Juu ya nini, mwana?"

"Leo tuko na démocratie. Mambo ya kuku iko ya zamani. Bantu batasema Constant anakula vitu ya bantu."

Edmond aliitazama rangi ya ukutani. Yule wa kwanza alikula kwa kutojua. Huyu alilelewa na sheria ya kuku, aliijua kama sala, na kwa sababu aliijua hakumgusa hata unyoya.

Limonade ilikuja. Mama Kabedi aliinywa yote, kwa adabu, akarudisha chupa, akaaga.

Walitembea hadi relini. Treni ya mahindi ilikuwa imelala mahali pake. Edmond ndiye aliyeanza kusema.

"Alikamata barua, mama. Labda..."

"Ndiyo. Barua alikamata." Alisema bila hasira, kama anayekubali kwamba leo ni Alhamisi. Akampa Edmond kikapu na kuku ashike, akakusanya kitenge chake kati ya magoti, akainama chini ya behewa. Alikuwa amezeeka tangu ile barua ya kwanza. Edmond alisikia kokoto zikikwaruza, na pumzi yake, na mara moja jina la Mungu. Kisha miguu yake ikaonekana upande wa pili, ikasimama.

Edmond alipiga magoti akampitishia kikapu. Mama Kabedi alikipokea, akamtoa kuku, akamrudisha kuku peke yake chini ya behewa, amenyoosha mkono kadiri ulivyofika.

"Hii kamata weye," alisema.

Kuku alikuwa pale katikati, juu ya kokoto, anapepesa macho. Edmond angeweza kumsukuma arudi. Alifikiria kiti chake na lile sanduku la kuwekea miguu.

"Suzanne ya Kisimba iko na mimba tena," mama Kabedi alisema toka upande wa pili. "Miezi saba. Umuambie Germaine."

Edmond alinyoosha mkono chini ya behewa, akamvuta kuku kwa kamba yake, akamkumbatia, akaenda nyumbani.