Mashine ya Mke Mwenza

Likizo ya Desemba ilikuwa imebisha hodi, na Bi Kahaso wa Kibarani alikuwa karibu kunyang'anywa mume.

Mume mwenyewe alikuwa Lewa, mjukuu wake, aliyerithi jina la marehemu babu yake. Ndiyo maana Kahaso alimwita mume wangu tangu yu mbelekoni. Lakini Janet wa Malindi, bibi yake wa upande wa mama, alikuwa amenunua mashine ya gemu. Tangu hapo shule zikifungwa tu, mume huyo, mbio kwa mke mdogo.

"Dawa ya moto ni moto," Kahaso akasema, akaingia dukani kwa Uweis, muuza simu na gemu pale Kilifi mjini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nataka mashine ya kuchezea mpira kwenye televisheni. Mpya au kuukuu, wewe wanishauri vipi?"

"Mpya ina garantii, bibi. Kuukuu ni nafuu, lakini ni kama kuku wa sokoni: hujui alilala kwa nani, wala kwa nini kauzwa."

Kahaso akaishika ile mpya, akainusa, akairudisha. Akazitazama kuukuu moja moja. Kisha akatabasamu kama mtu aliyekumbuka alikoficha sukari.

"Ahsante, mwanangu. Kuku ninayejua alikolala yupo."

Kesho yake alikuwa ukumbini kwa Janet, chai na mahamri mbele yake. Hakuwa na haraka. Alisifu mapazia. Aliulizia magoti. Kikombe cha pili ndipo akasema, kana kwamba neno limemponyoka, "Na ile tamthilia yako ya jioni? Yule bwana alimwoa yule yatima?"

"Tamthilia gani!" Janet akawaka. "Lewa akija, televisheni si yangu tena. Watoto wa mtaa mzima humu ndani, goli! goli! Na tokeni za stima nani ananunua?"

"Pole, mke mwenzangu." Kahaso akamung'unya hamri lake mpaka likaisha. "Si uniuzie mimi hilo balaa?"

"Wewe? Na gemu?"

"Kuukuu kwa kuukuu tutaelewana."

Janet alicheka hadi akajishika mbavu. Wakapatana. Akaingia chumbani kuifunga mashine, akakawia kidogo, akatoka na mfuko.

Shule zilipofungwa, Lewa alitua Kibarani na begi lake, bila kuitwa.

"Hawe, bibi yangu, nasikia mashine imehama."

"Imekuja kwa mke mkubwa. Karibu, mume wangu."

Lewa akaiunganisha na televisheni, taa ikawaka. Akapekua mfuko. Akaukung'uta.

"Hawe, pedi ziko wapi?"

"Pedi ndiyo nini?"

"Vile vya kushika mkononi! Bila hivyo hii ni tofali tu."

Kahaso hajajibu, nje kukasikika, "Hodi, wenyewe!" Janet huyo mlangoni, mfuko wa nguo begani, leso imefungwa fundo nene. Akalifungua polepole. Pedi mbili.

"Uliitaka mashine," akasema, "hizi hukuzitaka. Mume ni wetu sote, mama. Nionyeshe nitakapolala."

Kahaso alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. "Mwizi wewe! Pita ndani."

Jioni ile mabibi wawili walikaa mkekani, kila mmoja na pedi yake.

"Mbona watu wangu wanajifunga wenyewe?" Janet akalalama.

"Wamekuiga wewe uliyeniuzia mashine," Kahaso akamjibu.

"Na zamu yangu lini?" Lewa akauliza.

"Tulia, mume wetu," Kahaso akasema bila kubandua macho. "Wake zako bado hawajapatana."