Kambare Uwanjani

Mto ulipovunja kingo, mtaa mzima ulikimbilia kuokoa magodoro. Mama Kambare, mfugaji wa samaki, alikimbilia bwawani kwake. Akakuta bwawa halipo! Maji ya mto na maji yake yalikuwa kitu kimoja, na tuta alilolijenga kwa jembe lake mwenyewe lilikuwa huko chini, halionekani hata kwa dawa.

"Shangazi! Shangazi wangu jamani!"

Asiyejua angedhani kafiwa. Shangazi alikuwa kambare, jike jeusi nene kama paja, ncha ya sharubu moja imekatika, mwenye tabia ya kuwafukuza wenzake kwenye chakula kama shangazi aliyekuja kukagua nyumba ya watu. Vifaranga wote ambao mama huyu aliwapelekea wafugaji walitoka katika tumbo hilo. Na sasa tumbo lilikuwa limejaa mayai, lilibakia kupasuka tu. Shangazi akipotea na mayai yake, basi mbegu aliyoichagua miaka nenda miaka rudi imekwisha.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu ambaye hajawahi kushika samaki asiyekaangwa. Alimpa pole kwa moyo wake wote.

"Mke wangu, maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayo ni yako. Yangu mimi nitayazoa. Chukua beseni, twende!"

Wakaenda mtoni, maana kila mtu alikuwa mtoni. Jirani yao mvuvi, waliyemwita Ngoja kwa sababu hajui jibu jingine, alikuwa anarusha wavu na kuuvuta. Wavu ukaleta magogo. Akarusha tena, ukaleta kandambili na nusu ya mlango wa choo. Samaki, hata wa kuonja, hakuna.

"Ngoja maji yatulie," akasema. "Samaki wamekwenda na maji."

Fundi akatikisa kichwa kwa huzuni. Wote pale wakatikisa vichwa. Kwenda na maji, kila mtu anajua, ni kupotea; ndivyo tunavyosema tukipoteza ndoo au mgombea wetu akishindwa. Lakini Mama Kambare alibaki mdomo wazi.

"Wamekwenda na maji," akarudia. "Na maji yamekwenda wapi?"

"Si hayo yanateremka!"

"Na yaliyotoka nje ya mto je? Yaliyoingia mashambani? Ebo! Samaki gani mpumbavu atakaa humu apigwe magogo, na huko nje maji yametulia, yana vuguvugu, minyoo na wadudu bwerere? Na jike mwenye mayai ndiyo kabisa! Kambare hatagi kwenye maji yanayokimbia. Anatafuta nyasi zilizokuwa kavu jana!"

"Ngoja..." akaanza Ngoja.

"Siwezi!" Alishakwisha kushika njia, mumewe nyuma, beseni kichwani. Nyasi nyingi, mahali pa chini, karibu na mto: uwanja wa mpira! Roho ilimdunda mpaka akacheka peke yake barabarani.

Uwanja ulikuwa ziwa. Maji magotini, magoli yamesimama kila upande yakilindana. Hapakuwa na upepo, lakini nyasi zilikuwa zinatetemeka. Zinatetemeka huku, zinatetemeka kule, mara mkia, chwa! Mara migongo miwili inafukuzana hadi katikati ya uwanja. Kambare! Wa mtoni, wa bwawani, wakubwa kwa wadogo, wamejaa tele.

"Haki ya Mungu," fundi akanong'ona, suruali imelowa hadi mapajani naye hana habari.

Na kwenye kona, Shangazi. Sharubu ile ile! Dume jembamba la mtoni lilikuwa limejikunja kichwani pake kama kilemba, wote wawili wametulia tuli. Kisha Shangazi akapiga mkia kwa nguvu na maji yakachafuka.

Mama Kambare alitaka kupiga vigelegele. Hakuwahi. Sauti zilisikika barabarani: watu wamegundua! Walikuja na vikapu, mapanga na vyandarua, Ngoja mwenyewe mbele kabisa, hangoji kitu. Wakajitosa uwanjani ikawa patashika.

Mama akamrukia Shangazi, akamkumbatia, wakaanguka wote, akainuka naye kifuani. "Nimempata! Lete beseni!"

Halafu mkono wake ukapapasa tumbo la samaki. Tumbo lilikuwa limelala, tupu.

Akatazama chini. Kwenye kila unyasi uliozunguka miguu yake palikuwa na chembe ndogo za rangi ya hudhurungi, zimenata, nyingi kuliko uwele. Na watu walikuwa wanakuja wakikanyaga.

"Mtie basi!" fundi akapiga kelele.

"Beseni ni moja."

"Tia vyote!"

"Atayala! Kambare akishataga hajui mwana wala mgeni."

Shangazi alimpiga mkia wa kidevu. Mama alimpenda samaki yule, na wala hakuona haya, machozi yalimtoka. Akapiga hatua hadi kwenye mtaro unaorudi mtoni, akamzamisha.

"Nenda, shoga. Upesi, kabla hawajakuona."

Kisha akageuka mbogo. "Kata nyasi! Taratibu, zisitikisike! Wee Ngoja, pita huko, utakanyaga wanangu!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu: wenzake wanabeba kitoweo, yeye na mumewe wanabeba majani kama wenye mbuzi.

Nyumbani hawakulala vizuri. Kesho yake, jua limeshachomoza, fundi aliinama juu ya beseni. Chembe nyingi hazikuwepo tena kwenye nyasi. Akasogeza uso karibu zaidi.

"Mke wangu! Mama weee! Njoo! Maji yana mikia!"

Akaja mbio. Uzi mwembamba, na mwingine, na mwingine, maelfu, zinatetemeka ndani ya beseni. Wakashikana, wakarukaruka kama watoto.

"Lakini hawa wote, beseni moja litawatosha?" fundi akauliza.

"Halitatosha hata kidogo, na bwawa bado liko chini ya mto."

Fundi akaingia chumba cha cherehani. Akatoka na beseni lake la kulowekea vitambaa vya wateja, akavimwaga vyote uani, akaanza kulisugua.